Dola 675: albamu ya kwanza ya Green Day na kanda iliyorudi kwa wenyewe

39/Smooth, albamu ya kwanza ya Green Day, bendi ya panki ya Marekani, ilirekodiwa katika studio ya Art of Ears jijini San Francisco. Kazi ilianza tarehe 29 Desemba 1989, ikamalizika tarehe 2 Januari 1990, na bili ya studio ilikuwa dola 675. Zilitoka nyimbo 10, jumla yake dakika 31 hivi. Lookout Records, lebo (kampuni ya kutoa na kuuza muziki) ndogo ya huko huko California ya kaskazini, iliitoa Aprili 1990 kwa santuri na kaseti. Mwaka 2005 bendi iliichukua kanda yake, yaani rekodi ya asili ambayo nakala zote hutokana nayo, kutoka Lookout kwa sababu ya mirabaha (malipo ya msanii kutokana na mauzo) isiyolipwa, na lebo haikusimama tena.

Watu wakikisimulia kisa hiki hupenda kuishia kwenye zile dola 675, kana kwamba urahisi wa kurekodi ndio ulioleta mafanikio. Urahisi ulisaidia. Lakini sehemu yenye mafunzo kwa bendi changa na kwa mwenye lebo ni mgawanyo wa mapato: ulikuwa wa haki kuliko ilivyozoeleka, na kwa sababu hiyo hiyo ulimwachia mwenye lebo fedha nyingi za watu wengine mkononi.

Nani walikuwa studioni

Walikuwa watatu. Billie Joe Armstrong, gitaa na sauti, na Mike Dirnt, gitaa la besi na sauti ya pili, wote wawili wakiwa na miaka 17. Kwenye dramu alikuwa John Kiffmeyer, aliyejiita Al Sobrante kwa mzaha wa jina la mji wake, El Sobrante. Kiffmeyer aliwazidi umri kidogo na alikuwa ameshapiga na bendi ya Isocracy, kwa hiyo ndiye aliyejua namna ya kutafuta maonyesho na nani wa kumpigia simu. Kila bendi changa inahitaji mtu wa namna hii, na mara nyingi si yule anayeimba.

Uwanja wao ulikuwa 924 Gilman Street, Berkeley, ukumbi unaoendeshwa na watu wa kujitolea ambao ulianza maonyesho mkesha wa mwaka mpya wa 1987. Larry Livermore, mmoja wa waanzilishi wa Lookout, aliwachukua wakiwa bado wanaitwa Sweet Children. Mwaka 1989, EP (rekodi fupi ya nyimbo chache) yao ya kwanza, 1,000 Hours, ikiwa inakaribia kutoka, walibadili jina. Eneo hilo hilo lilikuwa na bendi nyingine iitwayo Sweet Baby, na majina yalikuwa yanagongana. Kubadili jina dakika za mwisho kunamkera mwenye lebo, maana jalada na karatasi za jina za katikati ya santuri zinaweza kuwa zimeshachorwa, lakini kungoja hadi albamu itoke kungekuwa na gharama kubwa zaidi.

Nyimbo 10 kwa bei hiyo

Chukua studio inayotoza dola 25 kwa saa, kwa mfano tu. Dola 675 zinakupa saa 27, na hapo hujanunua kanda. Ndani ya saa hizo ufunge dramu, uweke maikrofoni, upige, uimbe, uongeze magitaa, kisha uchanganye sauti za nyimbo 10. Ni chini ya saa tatu kwa wimbo mmoja kwa kila kitu. Andy Ernst, aliyesimamia mitambo na kutajwa kama prodyuza pamoja na bendi, alikuwa mtu wa kazi za namna hiyo.

Kwa bajeti kama hiyo utaratibu hauna njia nyingi. Saa mbili au tatu za kwanza huliwa na dramu. Ngozi mpya zifungwe siku moja kabla ili zinyooke, la sivyo snea (dramu ndogo yenye mlio mkali) inashuka sauti katikati ya wimbo wa nne na hakuna atakayegundua mpaka wakati wa miksi, yaani kuchanganya sauti. Kisha bendi nzima inapiga pamoja. Lengo la awamu hii ni kupata dramu na besi; gitaa na sauti hutumika kama mwongozo tu, ingawa gitaa likitoka safi huachwa. Amplifaya ya gitaa hufungiwa chumba kingine au hufunikwa kwa blanketi nzito ili isivuje kwenye maikrofoni za dramu. Ikivuja, huwezi kurekebisha kosa la gitaa baadaye, kwa kuwa lile la zamani litasikika chinichini nyuma ya matoazi.

Kanda nayo ina hesabu yake. Kanda ya upana wa inchi 2, rili ya futi 2,500, ikiendeshwa kwa inchi 30 kwa sekunde inaisha baada ya dakika 16 na sekunde 40. Ukishusha kasi hadi inchi 15 unapata dakika 33 na sekunde 20. Albamu ya dakika 31 inaingia kwenye rili moja kwa kasi ndogo, lakini kwa sharti kwamba kila pigo (jaribio la kurekodi wimbo) lililoharibika lifutwe na jipya lirekodiwe juu yake. Ukitaka kuhifadhi mapigo mawili ya kila wimbo ili uchague baadaye, unanunua rili ya pili. Ndiyo maana bendi za bajeti ndogo ziliamua papo hapo: limekubalika, au linafutwa. Mazoezi ya miezi kadhaa mbele ya watu ndiyo yaliyofanya uamuzi huo uwezekane. Bendi inayotunga ndani ya studio kwa bei hiyo hutoka na nyimbo nne.

Baada ya msingi kukamilika, gitaa la rithimu hupigwa tena juu ya lile la kwanza, kila moja likielekezwa upande wake. Hapo ndipo watatu wanaanza kusikika kama wanne. Kosa la kawaida ni kupiga mara ya pili kwa gitaa ambalo halijatuniwa upya. Nyuzi zimepata joto, zimelegea, na magitaa mawili yaliyopishana hata kidogo yanatoa mawimbi yanayofanya kodi nzima (noti zinazopigwa pamoja) isikike chafu. Kutuni kabla ya kila pigo kunachukua dakika moja. Kurudia kunachukua nusu saa.

Sauti huachwa mwisho, na hapo ndipo bajeti ndogo inapouma zaidi. Koo la kijana wa miaka 17 haliwezi kuimba nyimbo 10 za nguvu mfululizo bila kukauka. Dawa ni kuanza na zile zenye noti za juu na kuweka zile za chini mwishoni. Sauti ya pili ya Dirnt, iliyopangwa juu au chini ya ile kuu kwenye viitikio, ndiyo inayoupa mtindo huu sehemu yake ya pop. Ukiiondoa unabaki na panki ya kawaida yenye kasi.

Inavyosikika

Tusiipambe. Ukilinganisha na Dookie, albamu yao ya 1994, gitaa la 39/Smooth ni jembamba, snea iko mbali kidogo, na miksi ina ukavu. Kuna solo za gitaa nyingi kuliko ambavyo bendi ingezipenda miaka iliyofuata, nyingine zikiwa ndefu kuliko wimbo unavyohitaji. Kiffmeyer anapiga moja kwa moja, bila mapambo mengi. Wimbo mmoja, I Was There, una mashairi aliyoyaandika yeye.

Kilichokuwa kigeni pale Gilman ni maudhui. Ukumbi ulijaa bendi za siasa na za utani, na hawa walileta nyimbo za mapenzi: msichana aliyeonekana maktaba, ombi la kutoachwa, umri wa miaka 16 unaopita. Nyingi zina dakika mbili na nusu hadi tatu na nusu, muda unaotosha beti mbili, kiitikio mara tatu na solo moja. Mpangilio ni wa pop ya miaka ya 1960, kasi ni ya panki. Kusimama ghafla kwa ala zote kabla ya kiitikio, sauti ikabaki peke yake kwa mpigo mmoja, ni ujanja unaorudi mara kwa mara, nao haugharimu kitu studioni.

Nyimbo tano kila upande, dakika 15 na kidogo. Kwa santuri ya inchi 12 ya mizunguko 33⅓ kwa dakika huo ni urefu mzuri. Ukizidi dakika 22 kwa upande, mifereji lazima isogeane, na mkataji wa lakeri (sahani ya kwanza ambayo santuri zote hutokana nayo) atapunguza besi na ukubwa wa sauti ili sindano isiruke. Albamu fupi husikika kubwa bila mtu kuongeza chochote.

Hesabu ya faida

Lookout ilikuwa na kanuni nyepesi: gharama zikisharudi, faida inagawanywa asilimia 60 kwa bendi na 40 kwa lebo. Tuiweke kwenye namba za mfano ili ionekane inavyofanya kazi.

Tuseme santuri 1,000 zimeuzwa kwa wasambazaji kwa dola 5 kila moja. Zimeingia 5,000. Toa 675 za studio, toa 1,800 za kukata lakeri, kupiga chapa na majalada, toa 300 za matangazo na nakala za bure za redio. Zinabaki 2,225. Bendi inapata 1,335, lebo 890. Toleo la pili halina tena gharama ya studio. Kama kupiga chapa kunagharimu dola 1.50 kwa nakala, faida ni 3.50 na bendi inapata 2.10 kwa kila santuri.

Sasa weka pembeni yake mkataba wa aina ya lebo kubwa: bendi inapewa malipo ya awali ya dola 20,000 za kurekodia, na mrabaha wa asilimia 12 ya bei hiyo hiyo ya jumla, yaani senti 60 kwa nakala. Malipo ya awali hukatwa kwenye mrabaha. Itabidi ziuzwe nakala zaidi ya 33,000 kabla bendi haijaona senti ya kwanza. Ukiuza 5,000, ambayo ni idadi ya heshima kwa bendi ya mtaani, bado unadaiwa. Kwa namba zile za mwanzo, nakala 5,000 chini ya utaratibu wa 60 kwa 40 zingeipa bendi karibu dola 9,700.

Hapo ndipo udogo wa dola 675 unapopata maana. Gharama ndogo ya studio chini ya mkataba wa mrabaha inapunguza deni tu. Chini ya mgawanyo wa faida inageuka kuwa fedha ya bendi, kwa kuwa kila dola isiyotumika studioni inarudi kwenye fungu linalogawanywa. Vijana wale hawakuwa wanabana matumizi ili wasifiwe.

Kuna upande wa pili ambao wengi hawauangalii. Fedha zote huingia kwanza kwenye akaunti ya lebo. Msambazaji hulipa lebo, mara nyingi baada ya siku 60 au 90, na lebo huandaa hesabu kila baada ya miezi kadhaa. Kwa namba zetu za mfano, ukiuza nakala 100,000, dola 210,000 hivi zinazopita kwenye akaunti hiyo ni mali ya bendi. Mwenye lebo akifungua taarifa ya benki anaona utajiri ambao zaidi ya nusu yake si wake. Kadiri mgawanyo unavyompendelea msanii, ndivyo sehemu hiyo inavyokuwa kubwa, na ndivyo kosa dogo la utunzaji hesabu linavyogeuka kuwa deni kubwa.

Kutoka santuri hadi CD

Kiffmeyer aliondoka mwishoni mwa 1990 kwenda kusoma chuo kikuu, na nafasi yake ikachukuliwa na Tré Cool, aliyekuwa mpiga dramu wa The Lookouts, bendi ya Livermore mwenyewe. Mwaka 1991 Lookout ikakusanya kazi za enzi ya Kiffmeyer ilizokuwa na haki ya kuziuza kwenye CD moja: nyimbo 10 za albamu, nne za EP ya Slappy, nne za 1,000 Hours, na moja iliyokuwa imetoka kwenye mkusanyiko wa bendi mbalimbali. Jumla 19. Jina lake, 1,039/Smoothed Out Slappy Hours, ni hesabu ya kujumlisha: 39 na 1,000, kisha maneno yaliyobaki yakaunganishwa.

Kibiashara ulikuwa uamuzi mzuri kuliko unavyoonekana. CD ya wakati ule ilibeba dakika 74, na albamu ya dakika 31 ingeacha zaidi ya nusu tupu huku mnunuzi akilipa bei kamili. EP za inchi 7 zina faida kiduchu, kwa sababu jalada na usafirishaji ni karibu vile vile na bei ya kuuzia ni ndogo. Ukizikusanya, gharama ya kurekodi imeshalipwa zamani, na unauza bidhaa moja. Hasara yake ni ya kisanaa: wasikilizaji wengi wanaijua albamu ya kwanza kama mfululizo wa nyimbo 19, ilhali kilichorekodiwa ile wiki ya mwaka mpya kiliishia wimbo wa kumi.

Kerplunk, ya pili, ilitoka mwishoni mwa 1991 hadi mwanzoni mwa 1992. Dookie ikaja Februari 1994 kupitia Reprise, tawi la Warner, na Gilman ilikuwa imewafungia mlango kwa kuwa haikupokea bendi za lebo kubwa. Mamilioni ya watu walionunua Dookie wakarudi nyuma kutafuta kazi za zamani. Kanda ya dola 675 ikawa inalipa mishahara ya Lookout huko Berkeley.

Lebo ilipoanguka

Livermore aliiacha Lookout mwaka 1997, na Chris Appelgren akashika usukani. Lebo ilipanuka: wafanyakazi zaidi, matoleo zaidi, bajeti kubwa zaidi kwa bendi mpya. Hakuna ubaya wowote katika kupanuka, mradi unatumia asilimia 40 zako. Mauzo ya bendi mpya hayakufanana na ya Green Day wala ya Operation Ivy, bendi nyingine ya zamani ya lebo hiyo, na mirabaha ya bendi za zamani ikaanza kuchelewa, kisha ikarundikana.

Agosti 2005 Green Day walitumia haki yao ya kuchukua rekodi zao. Ilikuwa chini ya mwaka mmoja tangu American Idiot itoke, yaani wakati ambapo kazi za zamani zingeuzwa vizuri. Lookout ilipoteza bidhaa iliyokuwa inaibeba katika msimu mzuri wa mauzo. Ikapunguza wafanyakazi na kusimamisha matoleo mapya. Bendi nyingine zilifuata mlango huo huo. Kazi ya Operation Ivy ilihamia lebo ya Hellcat mwaka 2007. Lookout ikafungwa rasmi mwaka 2012.

Haki ya kuchukua kanda ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini na yeyote anayeandika mkataba leo. Kumpa mtu rekodi zako kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuuza umiliki: kanda ni ya lebo daima, na asipokulipa unabaki kumdai fedha mahakamani huku yeye akiendelea kuuza. Ya pili ni kumkodisha: kanda ni yako, lebo ina ruhusa ya kuiuza kwa muda na kwa masharti, na masharti yakivunjwa ruhusa inakufa. Green Day waliweza kuondoka bila kugombania mauzo yajayo kwa kuwa makubaliano yaliwaachia njia ya aina hiyo ya pili.

Kifungu hicho hakihitaji kurasa nyingi, ila kinahitaji tarehe. Kiseme hesabu inatolewa lini, kwa mfano siku 45 baada ya kila nusu mwaka. Kiseme ni siku ngapi lebo inapewa kulipa baada ya kuandikiwa notisi. 30 au 60 ni kawaida. Kiseme nini kinatokea kwa nakala zilizoko ghalani: je, lebo iuze zilizobaki kwa miezi sita, au bendi izinunue kwa bei ya gharama? Hili la mwisho husahaulika sana, na ndilo linaloleta ugomvi, maana aliyenyang'anywa haki anaweza kupiga chapa nakala nyingi wiki ya mwisho na kudai kwamba ni akiba ya zamani. Andika idadi ya nakala zilizopo siku ya notisi, na iwe na saini.

Kwa mwenye lebo, kinga ni rahisi kuitaja na ngumu kuitunza: akaunti ya pili benki. Siku msambazaji anapolipa, sehemu ya wasanii inahamishwa siku hiyo hiyo, na haiguswi hata kama bili ya kiwanda imefika. Bajeti ya albamu ijayo inapangwa kwa kuangalia akaunti ya kwanza peke yake.

Reprise iliitoa tena 1,039/Smoothed Out Slappy Hours mwaka 2007, kisha mwaka 2009 ikairudisha 39/Smooth kwenye santuri, safari hii ikiambatana na EP mbili za inchi 7 kama zilivyokuwa mwanzo. Anayetafuta nakala ajue kwamba mastaringi mpya (uandaaji wa mwisho wa sauti baada ya miksi) huongeza ukubwa wa sauti na kunyoosha besi kwa jumla, lakini haiwezi kuinyanyua snea peke yake wala kulinenepesha gitaa. Hayo yaliamuliwa kwenye miksi ya Januari 1990.